Udzungwa huingii na gari

Ukisema umetoka hifadhini watu wanauliza umeona simba wangapi. Mimi nimetoka Udzungwa, ile hifadhi ya milima na misitu huku Tanzania, wikiendi iliyopita, simba sikumuona na wala sikumtafuta, na bado nakwambia kama kila mwaka unapita Mikumi hujawahi kukunja kushoto uelekee Kidatu basi kuna kitu kikubwa sana kinakupita.

Hifadhi ina kilomita za mraba 1,990 lakini humo ndani ni miguu yako tu. Unafika Mang'ula, unalipa, unapewa mwongozaji, mnaingia msituni mdogo mdogo.

Mimi nilimfuata n'golaga. Ni kima mkubwa wa kijivu, wanasayansi wamemjua mwaka 1979 tu, tena walianza kwa kuusikia mlio wake wakaona huyu hafanani na tunaowajua, kumbe wenyeji jina lake wanalo siku zote! Dunia nzima anapatikana misitu miwili tu, Mwanihana ambao uko ndani ya hifadhi na ule wa Uzungwa Scarp, zaidi ya hapo hayupo. Tulitembea kama saa mbili hivi tukasikia ka, ka, ka, mwongozaji akanishika mkono nisimame. Walikuwa wanapasua mbegu ngumu kwa meno. Dume moja limekaa chini kabisa, hatua kama sita kutoka kwangu, linafukua majani makavu, linaokota mbegu, linaigeuza, linatia mdomoni, ka, maganda yanadondoka kifuani halina habari na sisi kabisa. Nilisahau hata kutoa simu.

Maporomoko ya Sanje ndo wengi wanayafuata na wana haki, maji yanashuka mita 170 kwa ngazi tatu na ukiwa juu unaliona bonde la Kilombero lote, mashamba ya miwa mpaka macho yanachoka. Yale maji yanatoka kwenye miti hii hii, ukungu unakamatwa huku juu ndo watu wa bondeni wanapata mito, kwa hiyo mtu akiniambia msitu hauna faida kwake naumia kwa kweli.

Vaa viatu vinavyoshika, masika njia inateleza vibaya. Na mwongozaji wako muulize majina ya kienyeji ya kila mti na kila mnyama, wa kwangu alinitajia mpaka nikaishiwa karatasi, tulipokuwa tunashuka n'golaga wakaita tena kule nyuma, akasimama na yeye kuwasikiliza.