Ufa wenye rangi mbili

Jumamosi iliyopita jirani yetu hapa Buswelu alikuwa anapasua jiwe lililokula nusu ya kiwanja chake. Wenyeji wa Mwanza mnajua inavyokuwa. Vijana walilirundikia magogo na matairi mabovu tangu usiku, moshi ukaingia hadi kwenye mashuka yetu, na kulipokucha wakaleta ndoo za maji. Maji yalipomwagwa jiwe lilitoa mlio mmoja, mkavu, kisha tukaona mstari umepita juu yake kama uliochorwa.

Binti yangu alikuwa amepanda kwenye tofali kuchungulia. "Baba, maji ni laini. Yamevunjaje jiwe?"

Nikamweleza. Kitu cha moto hutanuka, kikipoa hunywea. Maji yanapopoza ngozi ya jiwe ghafla, na tumbo lake bado limevimba kwa joto, ngozi inavutwa mpaka inaachia. Akaelewa, akaenda kuchezea vipande. Mimi nikabaki pale ukutani, moshi wa tairi machoni, nawaza Novemba ya 1991. Siku ile sikusikia mlio wowote. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Tulikuwa Misungwi, kwenye mbuga, tunalima mashamba ya watu kabla mvua haijakolea. Udongo wa mbuga ukikauka ni tofali, ukilowa ni gundi. Kuna siku chache tu katikati ambazo plau inapita, na siku hizo ndizo zilizotulipia ada za shule. Mjomba aliendesha, mimi nilikuwa utingo wake wakati wa likizo. Trekta lilikuwa Massey Ferguson 35, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu, lililoundwa Coventry, Uingereza, kabla mimi sijazaliwa. Geji ya joto ilikuwa imekufa zamani. Tulipima joto kwa pua.

Mchana ule Mjomba alikuwa ameondoka na baiskeli kutafuta dizeli, akaniachia nimalizie kipande. Mkanda wa feni ukakatika. Nilipokuja kunusa, mvuke ulikuwa tayari unapiga filimbi. Nikazima. Alishaniambia mara nyingi: injini ikichemka, kaa chini ya mti mpaka uweze kuweka kiganja juu ya hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Lakini wingu lilikuwa limesimama upande wa ziwa, na mwenye shamba alikuwa amesimama upande mwingine, mikono kiunoni. Nikakunja gunia mara nne, nikafungua mfuniko wa rejeta, nikamimina maji ya lambo, karibu ndoo nzima. Injini ilikoroma ndani kwa ndani, ikatulia. Nikafunga mkanda wa akiba. Mjomba aliporudi alikuta nalima. Akanisifia kwa mkanda. Habari ya ndoo sikumwambia.

Wiki ile ile maji ya rejeta yakaanza kupotea, na chini ya trekta hakuna hata tone. Kijiti cha oili kikawa kinaonyesha oili inaongezeka badala ya kupungua, nayo ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mjomba akalegeza nati ya sampo, bakuli la oili chini ya injini, asubuhi, kabla ya kuwasha. Kilichotoka kwanza ni maji matupu, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili na usiku kucha yalikuwa yametulia chini. Kila mtu akasema gasiketi ya hedi, ule utando unaoziba kati ya hedi na injini. Tukanunua mpya mjini, tukapima hedi kwa rula ya chuma, imenyooka, tukafunga. Siku ya pili, chai ya maziwa tena.

Ndipo Mjomba akamleta fundi mzee kutoka Mabatini. Sasa, Massey ile haina chesisi. Bloku yenyewe, lile pande la chuma lenye silinda, ndiyo uti wa mgongo: mbele imebeba ekseli, nyuma imeshikana na giaboksi. Ukitaka kuitoa lazima ulikate trekta vipande viwili. Tulilikata chini ya mwembe wa nyumbani, nusu hii juu ya magogo, nusu ile juu ya magogo, na bibi akatoka jikoni akashika kichwa kama anaona ng'ombe wa mahari amechinjwa.

Tulilaza bloku juu ya tairi, tumbo juu, tukaiosha mpaka chuma kikabaki kijivu. Fundi akapitisha kiganja ndani, taratibu. Hakuna kitu. Akaniambia, "Kijana, we ni mwanafunzi. Una chaki?"

Nilikuwa nayo. Akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akalowesha ukuta wa ndani unaotenganisha maji na oili, kuanzia silinda ya kwanza hadi ya tatu. Tukakaa. Akavuta sigara yake yote bila haraka. Kisha akafuta, akafuta tena kwa kitambaa kikavu, mpaka ukigusa kidole hakitelezi. Akasaga chaki kwa kisu juu ya karatasi, akaipuliza ukutani ukawa mweupe kama uso wa mtoto aliyepakwa poda. "Shika taa. Usipumue juu yake."

Nilishika taa. Kwa muda palikuwa na weupe tu. Halafu, kati ya silinda ya pili na ya tatu, chaki ikaanza kulowa. Kwanza nukta. Nukta ikavuta nukta nyingine, polepole, kama sisimizi wanaofuatana, mpaka ukawa mstari mwembamba kuliko unywele, umepinda kidogo katikati, urefu wa kidole changu cha kati. Mafuta ya taa yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalikuwa yanarudi nje yenyewe. Taa ilianza kutikisika mkononi mwangu.

"Shika vizuri," Mjomba akasema.

Fundi alikataa kuchomelea. Chuma cha kutupwa, kile kilichomiminwa kwenye kalibu, alisema, ukikichomelea bila kukipasha moto chote na kukipooza polepole, kitapasuka pembeni ya ulipochomelea. Angekishona. Akatoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usitembee zaidi, kisha akachukua tindo akafungua mdomo wake kidogo aone unakoelekea. Hapo akasimama, akamwita Mjomba.

"Ona. Huku chini kuna kutu, imekaa kitambo. Huku juu chuma kinang'aa. Huu ufa ulianza zamani, ukaongezeka juzi."

Mjomba aliangalia muda mrefu. Alikumbuka kwamba mwaka mzima alikuwa akiongeza maji kidogo kila asubuhi, akidhani ni mfuniko. "Na huu wa juzi," akauliza, "umetokana na nini?"

"Joto," fundi akajibu, akarudi kwenye kazi yake.

Alitoboa, akakata nyuzi za skrubu ndani ya tundu, akaingiza skrubu ya chuma laini, akaikata, akaipondaponda kwa nyundo, kisha akatoboa nyingine inayoila ile ya kwanza kidogo, hivyo hivyo mpaka mwisho. Tulijaza maji, tukaweka boksi kavu chini, likakesha kavu. Trekta likaunganishwa, na lililima misimu mingi baada ya hapo.

Skrubu zilikuwa 11. Nilizihesabu nikiwa nimeshika taa: 6 juu ya kutu, 5 juu ya chuma kinachong'aa. Mjomba sasa ni mzee, Jumapili tunakwenda kumsalimia, na binti yangu ameshasema atamweleza Babu jinsi maji yanavyovunja jiwe.