Kadi ya mkojo: mstari ukitokea, usimtuhumu mtu

Anayepima malaria na virusi vya ukimwi kila siku pale kituo cha afya ana mazoea ya jicho: mstari wa pili ukitokea, hata uwe hafifu namna gani, mgonjwa anacho. Kwa malaria mazoea hayo ni sahihi. Kwa kadi ya kupima dawa za kulevya kwenye mkojo ni hatari, kwa sababu kadi hii husomwa kinyume. Mstari ukitokea penye T, yaani mahali pa dawa inayopimwa, jibu ni hasi. Usipotokea, jibu la awali ni chanya. Na mstari hafifu ni mstari. Nao ni hasi. Ukilikosea hilo moja, askari wa kampuni ya ulinzi Kampala au dereva wa lori anayesubiri foleni Malaba anaweza kufukuzwa kazi kwa kitu ambacho hakugusa. Ndiyo maana naanza na mstari kabla hata ya kikombe.

Sababu ya ukinyume huo iko ndani ya utepe wenyewe, ule ukanda mwembamba wa kupimia ulio ndani ya kadi. Sehemu ya chini pamewekwa kingamwili, yaani protini zinazoshika kitu maalumu, zilizobebeshwa chembe ndogo mno za dhahabu. Hizo ndizo zinazotoa ile rangi nyekundu inayoelekea zambarau. Juu yake, penye T, kiwanda kimegandisha dawa inayotafutwa ikiwa imeshikizwa kwenye protini. Mkojo unapopanda huzikokota kingamwili. Kama hauna dawa, kingamwili hufika T mikono mitupu, hushika ile dawa iliyogandishwa, na rangi hujikusanya pale kuwa mstari. Kama mkojo una dawa ya kutosha, kingamwili huwa zimeshashiba njiani; hupita T bila kushika kitu na mahali pake hubaki peupe. Kwenye malaria kazi ni nyingine: kingamwili ya mstari inangoja kunasa kitu kilichoko kwenye damu, na kikinaswa ndipo rangi inapotokea.

Nimesema "dawa ya kutosha", na hapo pana jambo. Kila utepe una kikomo chake kwa nanogramu kwenye mililita moja ya mkojo. THC, yaani bangi au njaga, kwa kawaida ni 50. COC ya kokeini ni 300, kadi nyingine 150. BZO ya jamii ya diazepamu ni 300, BAR ya jamii ya fenobabitoni ni 300, MTD ya methadoni ni 300. AMP na MET, yaani amfetamini na methamfetamini, ni 1000 au 500 kutegemea kadi. Kwenye jamii ya mofini tofauti ni kubwa zaidi: kadi moja ina kikomo cha 300, nyingine 2000. Mkojo uleule wa mtu aliyekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini unaweza kuwa chanya kwenye ya kwanza na hasi kwenye ya pili, na kadi zote mbili zikawa hazijakosea. Kwa hiyo daftarini usiandike jina la dawa peke yake. Andika na kikomo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Jibu hasi maana yake ni kwamba kiasi kiko chini ya kikomo, basi.

Kabla ya kununua kadi, jiulize unatafuta nini. Hapa Uganda watu wengi hununua kadi ya paneli tano au kumi, yaani yenye tepe za dawa tano au kumi, wakidhani inaona kila kilevi. Haioni waragi, pombe inataka kipimo cha pumzi, au utepe maalumu wa EtG, kitu ambacho mwili hukitengeneza kutokana na pombe. Haioni petroli wala gundi inayonuswa. Haioni kuba, kwa sababu kuba ni tumbaku. Na mairungi yenyewe, ambayo jirani zetu wa Kenya huita miraa, ina kichangamshi kiitwacho kathinoni, na utepe wa AMP haukutengenezwa kuishika. Mtu anaweza kuja majani yangali shavuni na kadi ikasema hasi kwa AMP. Mkuu wa shule aliyeletewa kadi za paneli tano ili azuie mairungi na waragi bwenini ameuziwa kitu kisichofanya kazi aliyoitaka, na ni haki yake kuambiwa hivyo kabla hajalipa.

Utepe wa OPI, ule wa jamii ya mofini, nao hauoni kila kitu kinachofanana na mofini. Unaona mofini, kodeini na heroini. Tramadoli hauioni, methadoni hauioni, fentanili hauioni. Ukishuku tramadoli, tafuta kadi yenye utepe wake, TML au TRA. Vivyo hivyo BZO: kingamwili zake nyingi zimelengwa kwenye oksazepamu, ambayo diazepamu huwa inapovunjwa mwilini, kwa hiyo lorazepamu na klonazepamu huweza kupita bila kuonekana.

Kwa wanaotibiwa uraibu wa heroini kwa methadoni, tiba iliyoanza hospitali ya Butabika mwaka 2020, MTD isiyo na mstari ndiyo jibu linalotarajiwa. Mstari ukitokea, uliza kwa upole kama dawa inamezwa kweli. Wengine hudondoshea methadoni kidogo kikombeni ili ionekane wamemeza. Mtego wa hilo ni utepe wa EDDP, unaotafuta kitu ambacho mwili pekee ndio hukitengeneza baada ya kuivunja methadoni. MTD chanya pamoja na EDDP hasi ni alama ya dawa iliyopita kikombeni bila kupita tumboni.

Sasa mkojo. Chukua mililita 30 kwenda juu, vizuri zaidi 45 kwa sababu nitakayoitaja mwishoni, kwenye kikombe safi kikavu. Chooni tia rangi ya buluu kwenye maji, funga bomba, toa sabuni na Jik. Mtu aache koti na mkoba nje. Kikombe kikirudi, soma joto ndani ya dakika nne: liwe kati ya nyuzi 32 na 38. Hapa mahali pana maana kubwa. Kabale asubuhi, kikombe cha mililita 30 hupoa haraka, na ukichelewa kwa kutafuta kalamu utamshuku mtu asiye na kosa. Arua mchana wa jua kali, chupa iliyofichwa mfukoni inaweza kusoma joto sawasawa bila kutoka mwilini siku hiyo. Kule joto peke yake lisikutoshe. Angalia tepe za uhalali, zinazoonyesha kama mkojo umechezewa, zilizoko nyuma ya kadi, au zinazouzwa peke yake.

Tepe hizo ndizo watu huzipuuza, nami huziona ni nusu ya kipimo. Kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo, ikiwa chini ya miligramu 20 kwa desilita, pamoja na uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji chini ya 1.003, ni mkojo uliozimuliwa, ama kwa maji ya bomba au kwa kunywa maji mengi kupita kiasi. pH, kipimo cha uchachu, kwa kawaida iko kati ya 4.5 na 9. Limau au siki huishusha, Jik na sabuni huipandisha. Naitraiti nyingi sana ni dalili ya kitu kilichotiwa ili kuharibu dawa, na bangi ndiyo huharibika upesi zaidi kwa vitu vya namna hiyo. Lakini naitraiti kidogo inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo tu. Huyo ni wa kupelekwa kwa daktari. Mkojo uliozimuliwa usiuite chanya wala hasi. Mwambie mtu apumzike, asinywe maji mengi, achukue mwingine baada ya saa chache.

Kuchovya kwenyewe ni rahisi, ila haraka huharibu. Kadi iliyokuwa kwenye friji iache ndani ya pakiti mpaka izoee joto la chumba; ukiifungua ikiwa baridi, umande huingia kwenye tepe. Fungua pakiti wakati mkojo uko mezani, si kabla. Toa kifuniko, shika kadi wima, chovya ncha zote kwa sekunde 10 hadi 15. Mkojo usivuke mstari wa mishale. Ukivuka, huingia kwenye utando kwa juu badala ya kupanda wenyewe kutoka chini, rangi hutawanyika, na utapata madoa badala ya mistari. Rudisha kifuniko, laza kadi mahali palipo sawa, anza kuhesabu muda.

Inama uitazame. Wimbi jekundu hupanda kwenye kila dirisha, usuli hugeuka waridi, kisha polepole huanza kung'aa ukawa mweupe. C, mstari unaoonyesha kwamba kadi imefanya kazi, hujitokeza kwanza, umekolea. T huja nyuma yake, na hazilingani: mmoja umekolea kama wino, wa jirani yake ni kivuli cha waridi unachokiona ukiigeuzia kadi dirishani. Kivuli hicho kikienda upana wote wa utepe, ni mstari, andika hasi. Wala usipime kiasi kwa macho. Rangi nzito haimaanishi "safi zaidi", na rangi hafifu haimaanishi "ameanza kutumia kidogo". Tepe za dawa mbalimbali zina rangi tofauti hata kwa mkojo wa mtu asiyetumia chochote. Soma dakika ya tano. Baada ya kumi usisome tena, maana mkojo unapokauka jibu huweza kubadilika.

C isipotokea, kipimo kimekufa hata kama T zote zinasomeka. Mara nyingi sababu ni mkojo haukutosha, au hukuchovya muda wa kutosha. Kama inajirudia kwenye toleo lilelile, chunguza stoo. Kadi zinataka nyuzi 2 hadi 30. Chini ya mabati yasiyo na dari, mchana wa Januari, joto hupita hapo bila taabu, na boksi la bodaboda lililoachwa juani si pazuri zaidi. Entebbe na Jinja adui ni unyevu: pakiti yenye tundu dogo tu imeharibika, hata kile kipakiti cha kukaushia kikiwa bado kimo ndani. Kila toleo jipya lijaribu kwanza kwa mkojo unaojulikana kuwa hasi na mwingine unaojulikana kuwa chanya, kabla hujapima mtu hata mmoja.

Nakuja kwenye jambo linaloumiza watu wengi: dawa za hospitali. Kabla ya kusoma kadi, muulize mtu pasipo na wa tatu chumbani. "Mzee wangu, wiki hizi mbili umemeza dawa gani? Hata ya kifua, hata ya kifafa, hata uliyopewa na jirani." Andika majina kama alivyoyataja, kwa sababu haya yafuatayo ni ya kweli. Efavirenzi, dawa ya virusi vya ukimwi, huweza kutoa chanya ya uongo kwa THC na kwa BZO kwenye baadhi ya vipimo. Uganda ilianza kuhamia dawa nyingine, dolutegraviri, mwaka 2018, lakini ukikutana na anayemeza efavirenzi bado, jua hilo. Rifampisini ya kifua kikuu, pamoja na levofloksasini na ofloksasini, zimeonekana kuvuruga vipimo vya jamii ya mofini. Prometazini na klopromazini huvuruga AMP, na dawa za mafua zenye efedrini au pseudoefedrini huvuruga AMP na MET.

Kuna kundi la pili, la chanya ya kweli isiyo na kosa. Fenobabitoni hutumika sana nchini kutibu kifafa, na anayeimeza kila siku lazima BAR yake ikose mstari. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Aliyechomwa diazepamu wiki hii atakuwa na BZO chanya. Aliyefanyiwa upasuaji akapewa mofini atakuwa na OPI chanya kwa siku mbili tatu.

Na hapo kwenye efavirenzi tahadhari. Mwajiri aliyelipia kipimo hana haki ya kujua mtu anameza dawa gani. Orodha ya dawa ibaki kwa mpimaji na daktari. Barua inayokwenda ofisini isitaje ugonjwa wala kidonge chochote. Iseme tu kwamba jibu linasubiri uthibitisho.

Maana chanya ya kadi ni ya awali siku zote, hata kama mtu anatikisa kichwa kukubali. Mtumiaji wa bangi wa kila siku anaweza kuwa na THC chanya karibu mwezi mzima baada ya kuacha, aliyevuta mara moja siku tatu hivi, kokeini na heroini siku mbili hadi nne. Kadi haikuambii alivuta lini wala kama alikuwa amelewa kazini. Swali kama hilo likizuka, au kazi ya mtu ikiwa mashakani, sampuli iende kwenye maabara yenye kromatografia na spektrometa ya masi, mashine zinazotenganisha na kutambua kila kemikali, kama Maabara ya Serikali ya Uchambuzi iliyoko Wandegeya. Basi tangu mwanzo kusanya mililita 45: thelathini kwenye chupa ya kwanza, kumi na tano kwenye ya pili, ili kukitokea ubishi kuwe na sehemu ambayo haijaguswa. Friji ya nyuzi 2 hadi 8 hutosha kwa siku mbili. Zaidi ya hapo gandisha nyuzi 20 chini ya sifuri. Utepe wa kufunga upite juu ya kifuniko na kushuka pande zote mbili za chupa, na mwenye mkojo atie sahihi yake juu ya utepe huo kabla hajatoka chumbani. Kadi piga picha dakika ya tano, saa ya ukutani ikionekana ndani ya picha hiyohiyo.