Mwezi Tulioupisha

Daktari aliyekuwa akitushughulikia hakuwa na tabia ya kuandika dawa yoyote ya uzazi kabla hajaona majibu ya damu ya mama. Umri wangu ulikuwa umevuka miaka 35, na kwa umri huo wataalamu hawasubiri mwaka mzima upite. Miezi 6 ya kujaribu bila mafanikio inatosha kuanza uchunguzi, nasi tulikuwa tumeshaipita. Majibu yalipotoka, karibu kila mstari ulikuwa mzuri: wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, vyote sawa. Mstari mmoja tu aliuzungushia duara kwa kalamu. Kingamwili za rubella, yaani kinga ambayo mwili hujijengea dhidi ya ugonjwa huo wa homa na upele, hazikuonekana.

"Maana yake hujawahi kuugua, na kama uliwahi kuchanjwa utotoni, kinga haikushika," akaniambia. "Nakushauri uchanje sasa, kabla ya mimba. Ukishashika mimba, chanjo hii siwezi kukupa."

Nikaitikia, maana sindano sijawahi kuziogopa. Ndipo akaongeza lile lililoninyima usingizi: baada ya kuchanja, mwezi mzima tusijaribu kupata mtoto.

Kwa mtu ambaye hajawahi kutafuta mtoto akachelewa kumpata, mwezi mmoja unaweza kuonekana si kitu. Lakini ndani ya mwezi, siku ambazo mimba inaweza kutunga ni kama 6 tu: 5 kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe ya yai. Hata kwa vijana wenye afya njema, nafasi ya kufanikiwa katika mwezi mmoja ni kama robo, na umri ukisogea nafasi hiyo inapungua. Nilikuwa naishi kwa hesabu hizo. Kwenye droo ya kando ya kitanda nilikuwa na kipimajoto, vijiti vya kupimia siku za yai, na daftari nililolipiga mistari kwa rula. Joto la kila asubuhi niliandika kabla sijainuka kitandani. Safu ya mwisho ya kila ukurasa ilikuwa ya hedhi, na hiyo niliiandika kwa penseli, kwa mkono mwepesi, sijui kwa nini. Sasa nilikuwa naombwa niache ukurasa mmoja mtupu.

Mume wangu hakuipinga chanjo. Alikuja na wazo ambalo usiku ule lilionekana la busara kabisa. "Tujaribu mwezi huu kwanza," akasema. "Mimba isipoingia, utachanja mwezi ujao." Nililipenda. Lilinipa chanjo bila kuninyang'anya mwezi. Zilipita siku kadhaa ndipo nikaona kwamba mwezi ujao tungesema vilevile, na unaofuata pia, kwa sababu anayetafuta mtoto hana mwezi anaouona kuwa ni wa kutupa. Na kama mimba ingeingia kweli mwezi huo, ningeibeba bila kinga yoyote, huku kila siku nashinda na watoto wa chekechea.

Kazi yangu ndiyo iliyolifanya jambo hili kuwa zito. Watoto wa umri ule hawajui kukaa mbali na mwalimu wao. Hupanda mapajani, hukukoholea usoni, hufutia kamasi kwenye nguo yako. Muhula ule mmoja wao alikuja na vipele vidogo vya rangi ya waridi usoni na kifuani, na nilipompapasa nyuma ya masikio vidole vyangu vilikuta vitezi vimevimba. Mama yake alisema ni joto. Huenda lilikuwa joto kweli. Rubella kwa mtoto ni ugonjwa mwepesi, homa kidogo na upele wa siku chache, na wapo wanaoupata bila kuonyesha dalili yoyote. Tena mgonjwa huanza kuambukiza kama wiki moja kabla upele haujatoka. Hata ningejihadhari namna gani, nisingejua ni mtoto yupi wa kumwepuka.

Nilisoma usiku mwingi wiki ile. Kwa muda mrefu rubella ilihesabiwa kuwa ugonjwa usio na madhara, mpaka mwaka 1941, Norman Gregg, daktari wa macho wa Sydney, alipoandika kuhusu watoto wachanga aliokuwa akiletewa wakiwa tayari wana mtoto wa jicho. Alipofuatilia historia za mama zao, akakuta wengi wao waliugua rubella mwanzoni mwa ujauzito, katika mlipuko uliokuwa umeipitia Australia. Wengi wao walikuwa na kasoro za moyo pia, na baadaye ikajulikana kwamba uziwi nao unatokana na ugonjwa huohuo. Mlipuko wa mwaka 1964 na 1965 nchini Marekani uliacha watoto wapatao 20,000 waliozaliwa na madhara hayo, mbali na maelfu ya mimba zilizoharibika, na mwaka 1969 chanjo ikaanza kutumika huko. Mama akiambukizwa katika wiki za mwanzo kabisa, hadi watoto 9 kati ya 10 huathirika.

Hilo la wiki za mwanzo ndilo lililonikaa. Wiki ambazo moyo, macho na masikio yanaumbwa ndizo ambazo mwanamke mara nyingi hajajua kama ana mimba. Mimi ningekuwa bado nahesabu siku, nimempakata mtoto wa mwenzangu mwenye mafua, nangoja siku ya kupima.

Wifi yangu alizisikia habari hizi kwa kaka yake akanipigia simu. "Wifi, mtu unatafuta mtoto, halafu unakwenda kuchomwa sindano? Huogopi kufungwa kizazi?" Sikumkasirikia. Huyu ni mtu aliyelia nami zaidi ya mara moja, na hofu yake ilikuwa ya upendo. Nilimweleza kwamba chanjo ile ina virusi hai vilivyodhoofishwa, vinavyoufundisha mwili kuutambua ugonjwa, na kwamba wanawake wengi wasio na kinga huchanjwa mara tu wakishajifungua, wakiwa bado wananyonyesha, kisha wakazaa tena bila shida. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza swali ambalo hata mimi sikuwa na jibu lake: "Kama ni salama hivyo, mbona mnakatazwa mwezi mzima?"

Mama mdogo naye akaongeza lake. Ni muuguzi mstaafu, miaka yake mingi aliitumia wodi ya wazazi. Nilipomtajia mwezi mmoja akasema, "Mwanangu, sisi tulifundishwa miezi mitatu." Miezi mitatu! Nilipokata simu nilihisi mikono imekuwa mizito. Kuupisha mwezi mmoja nilishaanza kulizoea wazo hilo; miezi mitatu sikuona nitaitoa wapi.

Nikarudi kwa daktari na maswali yao yote mawili, nimeyaandika kwenye karatasi nisije nikayasahau. Hakuharakisha. Alisema miezi mitatu ulikuwa ushauri wa zamani, na kwamba Marekani, kwa mfano, iliupunguza kuwa siku 28 mwaka 2001, baada ya ushahidi wa miaka mingi. Wakati fulani huko walifuatilia zaidi ya wanawake 300 wasio na kinga ambao walichanjwa karibu na siku za kushika mimba au wakiwa tayari wajawazito bila kujua. Hakuzaliwa mtoto hata mmoja mwenye madhara ya rubella.

"Basi kwa nini tungoje?" nikamuuliza.

"Kwa sababu virusi ni hai, na jambo tunaloweza kuliepuka tunaliepuka. Ni tahadhari. Mimba ikiingia kwa bahati ndani ya mwezi huo, sitakwambia uitoe, na sitakuwa na sababu ya kukutisha. Ila ugonjwa wenyewe ukikukuta mjamzito, sitakuwa na dawa ya kumkinga mtoto." Akanieleza pia kwamba chanjo ya sindano ya mafua na ile ya pepopunda hazina vijidudu hai, ndiyo maana mama hupewa hata akiwa mjamzito. Hii ya rubella wakati wake ni kabla, au baada ya kujifungua.

Jioni nilimpigia mama mdogo nikamsimulia. Nilitarajia atabishana kidogo kuhusu miezi yake mitatu. Badala yake akaniambia juu ya mtoto aliyempokea miaka mingi iliyopita. Alikuwa mdogo kuliko umri wake wa tumboni, na alipomgeuza kwenye mwanga wa dirisha aliona mboni zote mbili nyeupe. Mama yake hakukumbuka kuugua kitu chochote cha maana, upele tu, miezi ya mwanzo, ukaisha wenyewe. "Mwezi mmoja, miezi mitatu, haidhuru," akasema. "Wewe chanja."

Nikamwambia mume wangu kwamba sitaki kujaribu kwanza. Nilimwambia waziwazi kwamba naogopa huenda huu tunaouacha ndio ungekuwa mwezi wetu, na kwamba naogopa zaidi kubeba mimba niliyoililia huku kila upele darasani ukinitetemesha. Hakusema neno kwa muda. Kisha akauliza chanjo ile wanaume nao hupewa, nikamwambia ndiyo. "Basi na mimi nitapimwa," akasema. Alipimwa kweli, yeye kinga alikuwa nayo.

Daktari alitaka niende hedhi ikishaanza, ili pasiwe na shaka ya mimba. Miezi yote ya nyuma damu ilipotoka nilijifungia bafuni. Safari hii nililia kidogo, nikanawa uso, nikavaa, nikaenda kuchanja.

Muuguzi aliniuliza kama nina mimba, hedhi ya mwisho niliiona lini, kama nina mzio wa dawa yoyote, kama naumwa. Kisha akanionyesha kichupa kabla hajakifungua: unga kidogo mkavu umeshikana chini, haujai hata ukucha. Alivuta maji yake maalumu kwa bomba la sindano, akayaingiza, akakizungusha kichupa taratibu kati ya vidole mpaka unga ukayeyuka wote na maji yakawa na umanjano hafifu. Sindano yenyewe ilikuwa fupi, akaichoma nyuma ya mkono wa juu, chini ya ngozi tu. Iliwasha kwa dakika chache. Akaniandikia tarehe kwenye kadi, na chini yake akaandika tarehe ambayo tungeweza kuanza tena.

Wiki mbili baadaye viungo vya vidole viliniuma, magoti pia, asubuhi zaidi kuliko mchana, hata kushika chaki ikawa taabu. Nilikuwa nimeonywa. Wanawake watu wazima wengi huwapata maumivu hayo, takriban mmoja kati ya wanne wa wale waliokuwa hawana kinga, na hupita yenyewe. Yalipita.

Kilichouma zaidi kilikuwa zile siku za yai. Nilizijua zilipofika bila kijiti wala kipimajoto, mwili wangu nilishausoma vya kutosha. Tulitumia kondomu, sisi tuliokuwa tumesahau zilivyo, na usiku ule mume wangu alinishika mkono bila kunipa maneno ya kunifariji, jambo ninalomshukuru mpaka leo.

Tarehe ya kwenye kadi ilipofika tukaanza tena. Mimba haikuingia mwezi huo wala uliofuata. Wifi aliponiuliza, kwa sauti ya chini, kama siijutii ile sindano, nilimwambia siijutii, kwa kuwa hata kabla yake mimba haikuwa ikiingia, na tatizo letu daktari alikuwa ameshaanza kuliona kwingine. Damu ilipopimwa upya, kinga ilikuwepo.

Tulikuwa katika matibabu ya tatizo hilo siku mtoto mwingine alipokuja darasani na homa na upele shingoni. Mwalimu mwenzangu, aliyejua tunatafuta, alinyoosha mikono ampokee yeye. Nilikuwa katikati ya zile wiki za kungoja, sijui kama nina mimba au sina. Nikamwambia aendelee na darasa. Nikambeba mwenyewe mpaka chumba cha wagonjwa, nikampima joto, na alipotaka kulala begani kwangu nikamwacha alale mpaka mama yake alipokuja.