Kabla Sijakata Kitambaa cha Hando

Muhula wa pili wa mwaka 2018 ulikuwa na wiki mbili tu tangu uanze, mwalimu wa ngoma akaja kibandani kwangu sokoni Kilifi. Nilidhani amefuata suruali yake aliyoniletea niipunguze kiuno. Kumbe alikuja kuniomba mtoto.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi, darasa la tano. Ngoma alikuwa nayo tangu ajue kusimama. Jumamosi tulizoea kwenda Ganze kwa mama yangu, na kabla hatujafika uani mtoto alishavua viatu. Mama yangu na wenzake wana kikundi chao cha mwanzele, ngoma yetu ya hangani, yaani matangani. Wakikaa chini ya mwembe, kayamba likianza kulia, yeye huyo katikati. Hawe, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Wagiriama, alimwita somo, kwa kuwa ndiye aliyerithi jina lake. Hakuna aliyemkalisha kumfundisha. Shuleni nako alikuwa kwenye klabu ya ngoma, Ijumaa alasiri, kwa furaha tu.

Sasa mwalimu alimtaka kwenye timu ya mashindano. Tamasha la Muziki la Kenya lipo tangu 1927, na kila aliyepita shule zetu analijua lilivyo: unaanzia zoni, unapanda kaunti ndogo, kaunti, kanda, na ukijaliwa Agosti unakutana na taifa zima. Mazoezi yangekuwa kila siku hadi saa kumi na mbili jioni, na Jumamosi asubuhi. Nauli juu ya mzazi. Hando, ile sketi ya marinda ya wanawake wa Kigiriama, pia juu ya mzazi.

"Mama, mtoto huyu anacheza kwa damu," mwalimu aliniambia. "Lakini hajui anachokifanya. Nipe nimwonyeshe."

Nikamwambia anipe mpaka Jumatatu.

Usiku nilimpigia baba yake, aliyekuwa kazini Mombasa. Aliuliza swali moja: hesabu alipata ngapi muhula uliopita? Arobaini na moja. "Basi umeshajibiwa," akasema. Sikubishana naye, maana hata mimi roho ilisita, ila kwa sababu nyingine. Niliogopa kumnyang'anya mtoto kitu alichokuwa akikipenda bure. Nimeona watoto wakirudi mashindanoni kimya, macho chini, na mwaka unaofuata hawataki hata kusikia ngoma. Jambo jingine lilinikera: fundi cherehani wa karibu na shule nilikuwa mimi. Nikikubali, watu wangesema nimemuuza mwanangu kwa oda ya hando.

Kesho yake tukaenda Ganze, nikamweleza mama. Nilitegemea afurahi. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mchicha, kisha akasema, "Mwanzele tunawachezea watu wetu hangani. Sasa huyo wa kutoa alama atampa nani, anayecheza au aliyekufa?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo naliona ni swali la haki. Lakini mwalimu naye alikuwa na lake, na lilikuwa la haki vilevile: katika darasa lake, watoto waliowahi kuona hando likivaliwa nyumbani kwao walihesabika. Wengine wote walikutana nalo kwa mara ya kwanza kwenye timu ya shule.

Jumapili jioni nilimkuta binti yangu juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikachuchumaa mbele yake, nikamuuliza.

"Mama, wataka kwenda kushindana?"

"Nataka kwenda kwa mwalimu."

"Kwa hawe hupapendi tena?"

Akaacha kukuna. "Napapenda. Lakini kwa hawe nikikosea mnapiga vigelegele. Nikipatia, vigelegele. Mwalimu ndiye aliyeniambia mguu wangu wa kushoto unachelewa. Nimeutazama, kweli unachelewa."

Nilibaki nimechuchumaa pale mpaka magoti yakauma. Mimi mwenyewe ushonaji nilifunzwa na fundi aliyekuwa akifumua kazi yangu mbele ya wateja, mshono kwa mshono. Nililia sana kwa yule mzee. Lakini kola ninayoshona leo hailali upande, na ni kwa sababu yake. Na hapa mwanangu alikuwa akitafuta mtu wa kumfumua, nami nikimwekea vigelegele njiani.

Jumatatu nilimpelekea mwalimu masharti yangu. Jumamosi moja ni yake, inayofuata ni ya hawe. Hesabu ikishuka chini ya arobaini, mtoto anarudi nyumbani. Nami nitaingia mazoezini siku yoyote bila kuaga. Akakubali yote, ingawa lile la Jumamosi lilimkaza. Baba yake alikubali kwa shingo upande. Kwa timu nzima niliwaelekeza kwa fundi mwingine. Mimi nilishona hando moja tu, la binti yangu, kwa marikani nyeupe, nikilikunja marinda usiku baada ya kazi za watu.

Walifika kaunti wakawa wa tatu, safari ikaishia hapo. Alilia ndani ya basi, akalala mapajani mwangu na njuga zikiwa bado miguuni. Hesabu alipata arobaini na nne.

Agosti tukapata msiba Ganze, bibi mmoja wa ukoo aliyekula chumvi nyingi. Usiku wa hanga wanawake walisimama, kayamba likashika, na mtoto akaingia kama kawaida yake. Nilimtazama miguu kwanza. Wa kushoto ulikuwa ukitua pale pale unapotua wa kulia. Halafu nikatazama uso. Alikuwa ameuelekeza upande mmoja, kwenye viti vya plastiki walivyokalia wazee, ametabasamu, shingo imenyooka. Kila wenzake walipozunguka, yeye alirudisha uso kule kule.

Hawe naye alimwona. Aliingia polepole, magoti yake hayakuwa mazuri mwaka ule, akamshika mabega kwa nyuma huku akicheza, akamgeuza mpaka akatazamana na wanawake.

"Huku, somo," akamwambia.

Akageuka, na mguu haukuchelewa.