Jumamosi na mabinti wa miaka 8
Leo timu yetu ya softiboli, mchezo wa kugonga mpira kwa gongo kisha kukimbia, hapa Columbus, Marekani, imemaliza mechi nzima bila mtoto hata mmoja kulia. Wazazi wenzangu mtanielewa.

Mwanzoni mwa msimu tuliwaachia watoto warushe mpira wenyewe. Yalikuwa mateso. Mipira minne inakwenda kando, mgongaji anatembea bure hadi besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha kukimbilia, anayefuata naye hivyo hivyo, na walioko uwanjani wanang'oa nyasi. Tukakaa makocha wa timu zote, tukakubaliana: kocha awarushie wachezaji wake mwenyewe, hakuna kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata bila mpira kugongwa, na timu ikipata mikimbio (pointi) 5 zamu yake ya kugonga imekwisha. Mpira nao tunatumia wa mzingo wa inchi 11, siyo ule wa 12 wa wakubwa, maana vidole vyao bado vifupi.

Tangu hapo mpira unagongwa, na ukigongwa ndipo watoto wanapojifunza kudaka. Mazoezini nawavua glavu kabisa, nawarushia mpira laini taratibu kutoka chini, wadake kwa mikono miwili. Ukija kifuani vidole vinatazama juu, ukija magotini vinatazama chini. Hayo tu, wiki nzima.

Kuna binti mmoja alikuwa akifumba macho kila mpira ukimjia. Leo ameutazama mpaka ukaingia kwenye glavu. Akabaki ameukumbatia, amesahau hata kuurusha besi ya kwanza. Benchi zote mbili zikamshangilia. Mama yake pembeni anafuta machozi kwa mtandio.