Lesotho: safari ya kumfikia mbunge wa 61

Katika uchaguzi wa Mei 1998 chama cha LCD (Lesotho Congress for Democracy) kilipata kama asilimia 60 ya kura, kikachukua viti 79 kati ya 80 vya Bunge. Kura za wapinzani zilikuwa nyingi, ila zilitawanyika majimboni na hazikutosha kushinda. Ghasia za kupinga matokeo zikafuata; Septemba majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yaliingia, na sehemu kubwa ya katikati ya mji mkuu, Maseru, ikateketea.

Dawa ilianza kutumika 2002: majimbo 80 yalibaki, vikaongezwa viti 40 vya uwiano, jumla 120, hivyo wingi wa Bunge ni wabunge 61. Msomaji wa Tanzania asivichanganye na viti maalum, ambavyo chama hupewa juu ya majimbo kiliyoshinda. Lesotho hupunguza kwanza majimbo hayo. Kura zote halali hugawanywa kwa 120, ndiyo bei ya kiti kimoja. Kura za chama ukizigawa kwa bei hiyo unapata stahili yake. Toa majimbo kiliyoshinda, kinachobaki kinajazwa kutoka orodha yake. Mwaka 2012 chama cha DC (Democratic Congress) kilipata asilimia 39.6 ya kura, sawa na viti 48. Kilikuwa na majimbo 41, kikaongezewa 7 tu. LCD yenye majimbo 12 ikaongezewa 14, na BNP (Basotho National Party) isiyo na jimbo hata moja ikapata 5. Huo ndio uadilifu uliokosekana 1998.

Lakini 2007 hesabu hiyo ilichezewa. Mpiga kura alikuwa na karatasi mbili, ya mbunge na ya chama. LCD ikashinda majimbo 61, huku wafuasi wake wakikipa chama mshirika, NIP, kura ya chama. Kwa kuwa NIP haikuwa na jimbo la kutolewa, ilibeba viti 21 vizima. Chama cha upinzani cha ABC (All Basotho Convention) nacho kilifanya vivyo hivyo kupitia chama kidogo cha LWP. Ndiyo sababu tangu 2012 karatasi ni moja: ukimpigia mgombea, umekipigia na chama chake.

Tangu hapo hakuna chama kilichofika 61 peke yake. Mwaka 2012 ABC, LCD na BNP ziliungana kuunda serikali kwa kujumlisha viti 30, 26 na 5: sitini na moja kamili, bila akiba. LCD ilipoigeuka serikali hiyo, Juni 2014 Waziri Mkuu Thabane wa ABC alisitisha Bunge kwa miezi tisa akikwepa kura ya kutokuwa na imani. Uchaguzi wa mapema ukaja 2015. Mwingine ukaja 2017, kwani Waziri Mkuu aliyeangushwa kwa kura hiyo aliweza kuomba Bunge livunjwe badala ya kujiuzulu. Mwaka 2020 katiba ilibadilishwa: Waziri Mkuu akishindwa kura hiyo, kulivunja Bunge kunahitaji theluthi mbili ya wabunge. Mei mwaka huo Thabane aliondoka, Moeketsi Majoro akaapishwa kuwa Waziri Mkuu, na Bunge likaendelea hadi 2022.