Nilivyozoea Kujibu Maswali ya Uamuzi katika Mitihani ya Uwezo

Katika mitihani ya uwezo inayotumika kuwachuja waombaji wa kazi na wa nafasi za masomo, lipo kundi la maswali lisilomtaka mtahiniwa akumbuke chochote alichofundishwa darasani. Hupewa masharti, akaelezwa habari za mtu au hali fulani, kisha akaulizwa uamuzi upi unafuata. Nilijiandaa kwa maswali hayo kwa muda mrefu kabla ya usaili wa kazi ninayoifanya sasa, na njia iliyonifaa kuliko zote ilikuwa kujiuliza swali moja kila mara: ni taarifa ipi ambayo, kama ingekuwa tofauti, ingeugeuza uamuzi huu?

Nieleze kwa mfano wa swali lililozoeleka sana, lile la kuchagua waajiriwa. Masharti yanasema kwamba mwombaji awe na shahada yenye wastani wa angalau asilimia 60, awe na umri usiopungua miaka 21 na usiozidi 28 ifikapo tarehe 1 Julai 2024, na awe amepata angalau asilimia 50 katika usaili. Baada ya hapo zinakuja nafuu mbili. Anayetimiza masharti yote isipokuwa la umri, lakini ana uzoefu wa kazi wa miaka 3 au zaidi, apelekwe kwa meneja. Anayetimiza yote isipokuwa la shahada, lakini amepata angalau asilimia 70 katika usaili, apelekwe kwa mkurugenzi. Majibu ya kuchagua ni matano: aajiriwe, akataliwe, apelekwe kwa meneja, apelekwe kwa mkurugenzi, au taarifa hazitoshi.

Kabla ya kusoma habari za mwombaji yeyote, nilichora jedwali dogo pembeni mwa karatasi, kila sharti na safu yake, na chini ya sharti lenye nafuu nikaandika nafuu hiyo kwa kifupi. Kila mwombaji akapata mstari wake: tiki kwa sharti alilotimiza, alama ya X kwa asilotimiza, na kiulizo pale ambapo maelezo yamenyamaza. Kazi hiyo huchukua muda mfupi, na faida yake ni kubwa, kwa sababu waombaji huelezwa makusudi kwa mpangilio uliovurugwa, usaili ukitangulia, umri ukifuata, shahada ikitajwa mwishoni, na katikati zikipachikwa sifa zisizohusika kabisa, kama vile kupenda kujitolea au kuzungumza lugha kadhaa.

Mwombaji wa kwanza amezaliwa tarehe 12 Machi 1995, ana wastani wa asilimia 64, amepata 58 katika usaili na amefanya kazi miaka minne. Ifikapo Julai 2024 ana miaka 29, hivyo sharti la umri limemshinda, lakini uzoefu wake unamfikisha kwa meneja. Huyu ni rahisi. Wa pili ana umri wa miaka 30, uzoefu wa miaka mitano, wastani wa asilimia 57 na alama 72 za usaili. Mtu akiangalia haraka ataona kwamba nafuu zote mbili zinamgusa, abaki akijiuliza ampeleke kwa nani kati ya wakubwa wale wawili. Jibu ni kwamba anakataliwa, kwa kuwa kila nafuu imeandikwa kwa ajili ya aliyepungukiwa na sharti moja tu, naye amepungukiwa na mawili.

Wa tatu na wa nne ndio walionifundisha zaidi, maana wote wawili umri wao haukutajwa. Wa tatu ana wastani wa asilimia 57 na alama 72 za usaili. Akiwa na miaka 25 atapelekwa kwa mkurugenzi, akiwa na miaka 31 atakataliwa, kwa hiyo taarifa hazitoshi. Wa nne ana wastani huohuo wa 57, lakini alama zake za usaili ni 65. Hapa kiulizo kipo kwenye jedwali, na bado uamuzi umekamilika: shahada haitoshi, nafuu yake inadai 70, na nafuu ya umri haimfikii asiye na shahada inayotakiwa. Awe na umri wowote ule, anakataliwa. Taarifa kukosekana ni jambo moja, na taarifa hiyo kuwa na uzito katika uamuzi ni jambo jingine, na watungaji wa mitihani hupima sana kama mtahiniwa anatofautisha mambo hayo mawili. Mtihani wa GMAT, unaotumiwa na vyuo vya biashara kuchagua wanafunzi, una aina nzima ya maswali ya namna hiyo, ambapo mtahiniwa hatakiwi kutaja jibu, bali aseme tu kama maelezo aliyopewa yanatosha kulipata.

Niliposoma zaidi nilikuta kwamba ugumu huu umechunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason alieleza jaribio la kadi nne ambalo ningemshauri kila mtahiniwa alitafakari kwa utulivu. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili, na mezani zinaonekana A, K, 4 na 7. Kanuni inadai kwamba kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ni kadi zipi zigeuzwe ili kujua kama kanuni ni ya kweli? Wengi huchagua A na 4. Lakini nyuma ya 4 kukiwa na irabu au konsonanti, kanuni inabaki salama, kwa hiyo kuigeuza hakuamui lolote. Nyuma ya 7, kinyume chake, kukiwa na irabu kanuni imevunjika. Zinazostahili kugeuzwa ni A na 7.

Swali langu lilelile, la taarifa ipi ingeugeuza uamuzi, lilinivusha pia kwenye hoja za mantiki. Tukiambiwa kwamba baadhi ya wauguzi ni wanamichezo, na kwamba wanamichezo wote huamka mapema, inafuata kwamba wapo wauguzi wanaoamka mapema. Je, inafuata pia kwamba wapo wasioamka mapema? Nilikuwa nachora duara za Venn, yaani duara zinazoonyesha makundi yanavyoingiliana, na kujaribu kwa bidii kuchora hali ambayo masharti yote yametimia lakini hitimisho ni la uongo. Hapa inachoreka bila taabu: wauguzi wote wawekwe ndani ya duara la wanaoamka mapema. Hitimisho linalokanushika kwa mchoro mmoja halifuati, hata kama maishani tunaliona la kawaida kabisa.

Maswali ya kuchagua hoja yenye nguvu zaidi hayakunisumbua sana. Nilikuwa napigia mstari lengo lililotajwa kwenye swali, kisha naacha kila hoja inayotetea jambo jingine, hata kama ni zuri na la kweli.

Muda ndio unaobana. Katika UCAT, mtihani unaotumiwa na vyuo vingi vya udaktari nchini Uingereza, sehemu ya uamuzi tangu mwaka 2025 ina maswali 35 ya kujibiwa kwa dakika 37, yaani dakika moja na sekunde chache kwa kila swali. Mtihani huo haukati alama kwa jibu lisilo sahihi, hivyo kuacha swali wazi hakuna faida yoyote. Mitihani mingine hukata, na ni wajibu wa mtahiniwa kusoma maelekezo ya mtihani wake mapema. Mimi nilianza na yaliyohitaji jedwali dogo, nikaweka alama kwenye mafumbo marefu ya kupanga watu na viti, nikayarudia baadaye.

Mazoea haya nimeyahamishia kazini, na huko yamenifaa kuliko hata kwenye usaili. Mara nyingi kikao hukwama kwa sababu mmoja wetu anaomba ripoti nyingine iletwe kabla ya kuamua. Huwa naomba tutaje, palepale, matokeo gani ya ripoti hiyo yangetufanya tuchague tofauti. Yakipatikana, tunaahirisha kwa sababu ya haki na aliyepewa kazi ya kuandaa ripoti anajua hasa cha kutafuta. Yasipopatikana, tunapiga kura siku ileile.